Bastola ikikuuma kiunoni utaivua: namna ya kuchagua ala na kuirekebisha

Mpwa wangu amepata leseni ya bastola mwaka huu, baada ya kuzungushwa ofisi hadi ofisi na kupigwa msasa muda mrefu. Anauza nafaka kwa jumla Kongowea, hutembea na fedha alfajiri watu wengine wangali wamelala, na sababu zake waliopewa kazi ya kuzipima wamezipima. Mimi si wa kuzipinga. Ila jioni moja alikuja barazani kwetu, na kabla kahawa haijamiminwa mkono wake ulikuwa umeshakwenda kiunoni mara nne. Anavuta shati, anajipinda, anasimama, anaketi tena. Mzee mmoja akamuuliza, "Mwanangu, una upele ama una bastola?"

Baraza zima likacheka. Yeye akainama kwangu akaninong'oneza: "Mjomba, inaniuma hapa kwenye mfupa. Ikinizidi naivua, naisukuma chini ya kiti cha gari."

Nilipolisikia hilo la kiti cha gari, kicheko kilinikauka.

Wasomaji wangu wa siku nyingi hawajui kwamba mimi nami nilibeba. Tangu 2013 hadi 2020 nilikuwa meneja wa kituo cha mafuta upande wa Kilifi, mauzo ya siku nayapeleka mwenyewe benki, na leseni niliipata kwa ajili ya kazi ile. Kazi ilipokwisha niliiuza bastola kupitia kwa muuzaji mwenye leseni, na leo sina. Ndiyo maana naweza kulisema jambo hili hadharani bila ya kuwapa wezi anwani.

Mwaka wa pili wa kubeba, ala yangu ilikuwa kipande cha kitambaa laini chenye klipu, cha bei rahisi, nilichonunua kwa sababu duka lilikuwa nacho. Ilinichubua nyonga mpaka ngozi ikawa nyeusi. Siku moja ya joto kali nikaichomoa bastola peke yake, ala nikaiacha mshipini, nikaiteleza chini ya kiti cha dereva. Nikafika nyumbani, nikala, nikalala. Asubuhi nawapeleka watoto chuoni, binti yangu wa miaka sita akainama kutafuta kiatu chake kilichopotelea chini ya kiti. Akainuka ameishika kwa mikono miwili, mdomo wake umemwelekea kaka yake. "Baba, hii ni ya nani?"

Ilikuwa na risasi chemba. Ilikuwa Glock, na Glock ya kawaida haina kile kitufe cha pembeni cha kuifunga. Ukikivuta kifyatuo sawasawa, inalia. Niliuzuia mkono wake, nikaichukua. Mama yao sikumwambia kwa miezi miwili.

Basi makala haya yanahusu starehe, lakini starehe ya aina hiyo. Bastola isiyokaa vizuri mwilini haikai mwilini. Huvuliwa ikawekwa kwenye droo ya duka, juu ya tangi la choo cha mkahawa, ndani ya gari. Na ikishavuliwa, mwenye leseni hajui tena ni nani atakayeigusa kwanza.

Neno ala wazee wetu walilitumia kwa upanga na jambia, na mimi naona linatosha kwa bastola pia, ingawa wauzaji wa Nairobi huiita holsta. Jambia, lakini, lilivaliwa mbele juu ya kanzu ili lionekane. Fedha na nakshi zake zilikuwa ndiyo shabaha. Bastola ya raia ni kinyume chake. Kuionyesha onyesha ni njia fupi ya kupoteza leseni, na kabla hujaipoteza leseni waweza kuipoteza bastola yenyewe kwa vijana watatu na pikipiki.

Ala nzuri ina kazi ambazo hazina mbadala. Kwanza ifunike kifyatuo chote, pamoja na lile duara la chuma linalokizunguka, kwa kitu kigumu kiasi kwamba ukikibonyeza kwa nje kwa kidole hakisogei. Hili likikosekana, mengine yote hayana maana, irudishe dukani. Pili iishike bastola. Itoe risasi zote, hakikisha chemba ni tupu, tia bastola ndani ya ala, uipindue juu ya godoro uitikise. Ikianguka, si ala hiyo. Tatu, mdomo wa ala ubaki wazi baada ya bastola kutoka. Zile laini za kitambaa, kama yangu ya kwanza, hujikunja zikiwa tupu. Ukitaka kurudisha bastola unalazimika kutumia mkono wa pili, au unasukuma kwa nguvu, na kipande cha kitambaa kinaweza kuingia kwenye kifyatuo. Watu wamejipiga risasi mapajani kwa njia hiyo hiyo. Ngozi nayo, ikizeeka na kulowa jasho, hulegea mdomoni na kufanya vivyo hivyo.

Nne, ing'ang'anie mshipi. Bastola ikitoka, ala isitoke nayo.

Sasa ngozi ama plastiki? Nchi za baridi huu ni mjadala wa ladha. Kwetu Pwani una jibu. Ngozi hufuata umbo la mwili, haikwaruzi, na kwa wiki ya kwanza utaipenda. Lakini ngozi hunywa jasho, na jasho letu lina chumvi, na hewa yetu ina chumvi nyingine juu yake. Bastola iliyolala ndani ya ngozi usiku kucha Mombasa huamka na madoa ya kutu. Ukipenda ngozi, tafuta iliyolainishwa kwa magome ya miti, kwa sababu ile ya dawa za kiwandani inaweza kubaki na chumvi zinazokula chuma. Na usiitumie kama mahali pa kuhifadhia. Plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa joto, hasa ile iitwayo Kydex, hainywi maji, haijikunji, waiosha kwa sabuni na kuifuta. Ubaya wake ni ukali wa kingo. Kingo hizo fundi yeyote mwenye subira azisugue kwa msasa laini mpaka zipite juu ya mkono bila kukwaruza. Ala yangu ya mwisho ilikuwa plastiki, na kwa nyuma nilibandikiwa kipande chembamba cha ngozi na fundi wa viatu, ili upande unaogusa mwili usiwe mkavu. Alinitoza mia tatu. Ila hakikisha gundi wala uzi wa fundi hauingii ndani inamokaa bastola, na ala umpelekee tupu. Bastola fundi wa viatu haimhusu.

Lazima pia ala iwe imetengenezwa kwa bastola yako hasa. Hii ya "inatosha zote" haitoshi yoyote.

Kabla ya kuinunua, angalia mshipi wako. Hapa ndipo wengi hupoteza fedha, wakibadilisha ala tatu ilhali kosa ni mshipi wa suruali wa harusi, mwembamba kama utepe. Glock 19 iliyojaa risasi zake 15 hukaribia gramu 850. Ni karibu kilo ya sukari inayoning'inia upande mmoja. Mshipi laini utapinda, kishikio kitaegemea nje, shati litavimba, nawe utaukaza mshipi zaidi mpaka tumbo liume. Unahitajika mshipi wa ngozi ya tabaka mbili, au wa nailoni uliokazwa, wenye upana wa kama inchi moja na nusu, ambao ukiushika kwa upana wake hauning'inii kama kamba. Na kama ala inakaa ndani ya suruali, suruali iwe kubwa kwa inchi moja au mbili kuliko ile unayovaa sasa. Mpwa wangu alilikataa hili kwa wiki nzima kwa ajili ya urembo.

Mahali pa kuiweka, chukulia kiuno chako ni uso wa saa, kitovu kikiwa namba 12. Nasema namba makusudi. Vitabu vya Wazungu husema saa tatu, na ukitafsiri moja kwa moja Mswahili ataiweka kwenye namba 9, upande wa pili kabisa. Kwa anayetumia mkono wa kulia, nyonga ya kulia ni namba 3, uti wa mgongo ni namba 6.

Wengi hukaa vyema kati ya namba 3 na 5, na hasa nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga, palipo na kishimo cha nyama. Juu ya mfupa wenyewe ndipo mpwa wangu alipokuwa ameiweka, na ndipo ilipokuwa ikimla. Sentimita tatu tu nyuma na maumivu yakapungua nusu, papo hapo barazani, tena bila ya mtu kuona. Tatizo la nyuma ya nyonga ni kuinama: ukiokota kitu kwa kupinda mgongo, kishikio hutokeza chini ya shati kama mkia. Jizoeze kuchuchumaa.

Mbele ya tumbo, kati ya namba 12 na 2, ni pazuri kwa mwembamba na kwa anayekaa sana garini, kwani mshipi wa gari haupiti juu yake vibaya na macho yako yanaiona daima. Lakini mdomo wa bastola huelekea kinena na paja. Asiye na ala ngumu kabisa na tabia ya kurudisha bastola polepole asiiguse sehemu hii. Mwenye kitambi pia itamchoma kila anapoketi, isipokuwa aishushe.

Namba 6, mgongoni, usiweke hata kama filamu zinaweka. Ukianguka chali unaangukia chuma juu ya uti wa mgongo, kiti cha matatu hakivumiliki, na aliye nyuma yako kwenye foleni huiona kabla yako.

Za begani zinataka koti, na koti Mombasa mwezi wa Februari ni tangazo. Za mguuni huchosha, na ukikimbia huyumba. Ya mfukoni inafaa kwa bastola ndogo sana, ikiwa ndani ya ala yake ya mfukoni, na mfuko huo usiwe na kitu kingine. Funguo na sarafu vinajua njia ya kwenda kwenye kifyatuo. Dada zetu wenye leseni wengi hutumia mkoba, nami ninalo neno moja tu hapo: uwe na chumba chake peke yake chenye ala ngumu, na mkoba usiwekwe kamwe juu ya kiti au kwenye troli. Wanaopora kwa bodaboda hupora mkoba kwanza.

Kurekebisha ndiko kunakochukua muda, na watu hawakupi muda huo dukani. Fanya nyumbani, bastola ikiwa tupu, umeikagua chemba kwa jicho na kwa kidole, risasi zikiwa chumba kingine. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, kisha vaa saa nzima: keti, endesha gari, inama, panda ngazi. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kilichokuponya.

Ala nyingi za plastiki zina klipu yenye matundu kadhaa ya skrubu. Ukihamisha klipu juu, ala hushuka ndani ya suruali. Ukiihamisha chini, hupanda. Ikikaa juu mno, uzito wa kishikio huivuta nje na shati huvimba. Ikikaa chini mno, vidole havipati pa kushika. Kipimo changu: mkono mzima uweze kukishika kishikio bila ya ngozi ya tumbo kubanwa, na usipande zaidi ya hapo.

Halafu mwinamo. Nyuma ya nyonga, kishikio kikielemewa mbele kwa nyuzi 10 mpaka 20, hufuata mstari wa mbavu na hakitokezi. Mbele ya tumbo iache wima. Ukiwa na ncha inayokuchoma sehemu ya chini, usiongeze pedi pale panapouma. Bandika sponji ngumu kwenye sehemu ya chini ya ala, upande wa mwili: husukuma mdomo wa bastola mbali nawe na wakati huo huo hukilaza kishikio ndani. Baadhi ya ala zina kijibawa kidogo kando ya kifyatuo kinachosukumana na mshipi. Nacho hukizungusha kishikio kielekee tumboni. Kijibawa hicho na sponji hiyo vilinifaa kuliko kununua bastola nyembamba zaidi.

Mwisho skrubu ya kubana. Ikaze mpaka bastola isitoke ukiipindua ala, lakini itoke kwa mvuto mmoja ulionyooka. Skrubu hizi hulegea kwa mtikisiko wa barabara zetu, kwa hivyo tia tone la gundi ya skrubu na uzikague kila wiki. Mimi nilipoteza moja njiani Mtwapa na sikujua mpaka klipu iliponing'inia.

Mavazi yetu nayo yana shauri lake. Shati la kuvalia nje, lenye maua au mistari, kitambaa kisichong'ang'ania mwili, ni rafiki. Fulana ndani yake ni lazima, kwa jasho na kwa ngozi. Kanzu ni mtihani. Inaficha umbo lakini ile nyeupe nyembamba huonyesha kivuli cheusi dhidi ya jua, na mwenye kanzu hawezi kuifikia bastola bila kuinua vazi zima. Mwenye kuvaa hivyo ajue ameihifadhi, hakuibeba. Mfuko wa kanzu ndio usiguse kabisa: kitambaa ni chepesi, huyumba kila hatua, na uzito huvuta bega moja chini mpaka mtoto anaona. Kikoi nacho hakina mshipi. Hakuna la kujadili.

Msikitini, ushauri wangu ni kuiacha nyumbani ndani ya sanduku la chuma lililofungwa ukutani. Tunasimama bega kwa bega, na kwenye sijda shati hupanda mgongoni mbele ya safu nzima ya nyuma yako. Mafundisho yapo ya Mtume (s.a.w.) ya kuzishika ncha za mishale mtu apitapo nayo msikitini au sokoni, asije akamjeruhi Mwislamu, na pia katazo la kupokezana upanga ukiwa umechomolewa kwenye ala. Hili la pili nililikumbuka kila nilipofika kwenye mlango wa duka kubwa, pale walinzi wanapokagua kwa kifaa cha chuma. Mtu hujitambulisha kwa utulivu, huonyesha leseni, na akiambiwa aiache, haichomoi. Huifungua klipu, akaitoa ala na bastola kwa pamoja, kifyatuo kikiwa kimefunikwa. Kwa sababu hiyo peke yake napendelea ala ya klipu kuliko ile ya kupitishwa mshipini, ambayo haivuki bila ya kuvua mshipi wote.

Nyumbani sheria ni hiyo hiyo: inatoka mwilini ikiwa ndani ya ala, inaingia sandukuni. Kuichomoa ni pale tu unapokwenda kuitoa risasi na kuifuta. Kila jioni ipanguse kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, hasa ule upande ulioelekea mwili, na ala ikaushwe kwa upepo, si juani. Plastiki iliyosahauliwa kwenye dashibodi hupinda umbo. Asubuhi ukiirudisha kiunoni, rudisha ala yote na bastola ndani yake. Ukilazimika kuirudisha bastola ndani ya ala iliyoko mwilini, kidole kiwe mbali, vuta shati juu, tazama ndani ya mdomo wa ala kwa macho, halafu ingiza taratibu. Hakuna aliyewahi kupewa zawadi kwa kurudisha haraka. Kile kikamba cha kukazia koti chenye kishanga mwishoni kimeshaingia kwenye vifyatuo vingi.

Mpwa wangu alinunua mshipi, akanunua suruali mbili za kiuno kikubwa, akalalamika kuhusu zote mbili. Sponji niliibandika mwenyewe. Juzi alikuja barazani baada ya magharibi, akanywa vikombe vitatu vya kahawa, akabishana na mzee yule kuhusu bei ya mchele, na mkono wake haukwenda kiunoni hata mara moja. Wakati wa kuondoka nilimvuta kando nikamuuliza kama ameiacha nyumbani.

"Mjomba," akasema, "hilo si swali la barazani."